Faili la Askari Mstaafu ni Mali ya Nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi serikali nyingi zinakwenda hatua moja zaidi na kusema kwamba daftari lenyewe ni mali. Nchini Marekani kauli hiyo imepewa nguvu ya sheria. Januari 2019 ilisainiwa sheria iliyoitaka kila taasisi kuu ya serikali imteue ofisa mkuu wa taarifa na iorodheshe taarifa ilizo nazo. Mkakati wa serikali uliotolewa katika kipindi hicho ukazitaja taarifa kuwa rasilimali ya kimkakati, inayostahili kutunzwa kama zinavyotunzwa fedha na majengo.

Taasisi moja inayopaswa kuitikia wito huo ni Wizara ya Masuala ya Maveterani. Wizara hii huwahudumia askari wa zamani wapatao milioni 9 waliojiandikisha kwa matibabu, kupitia hospitali zipatazo 170 na zahanati zaidi ya 1,000. Ndiyo pia inayolipa fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi jeshini. Faili moja, kwa hiyo, lina kazi mbili: humweleza daktari mgonjwa anaumwa nini, na humweleza ofisa wa mafao kama ugonjwa huo ulianzia jeshini. Likipotea au likiandikwa uongo, mtu hukosa tiba na riziki kwa mkupuo mmoja.

Kuziita taarifa mali si kosa. Kasoro ya kauli hiyo ni kwamba haisemi mali ya nani. Historia ya wizara hii, iliyo ndefu na yenye fahari na aibu zilizochanganyika, inaonyesha kwamba taarifa za afya huwa na thamani pale zinapomrudia mhudumu aliyeziandika na mgonjwa aliyeandikwa. Zikiishia ofisini kwa mkubwa, huanza kuoza.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika ghorofa ya sita ya Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi huko Overland, jirani na jiji la St. Louis. Jengo lilikuwa kubwa, lilijaa karatasi, na halikuwa na mfumo wa kunyunyizia maji. Zilipita siku nne na nusu kabla ya moto kutangazwa kuwa umezimika kabisa. Mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea, yakiwamo asilimia 80 ya kumbukumbu za askari wa nchi kavu walioacha utumishi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, pamoja na sehemu kubwa ya zile za jeshi la anga. Hakukuwa na nakala. Hakukuwa na hata faharasa ya kuonyesha ni mafaili ya nani hasa yaliyokuwamo humo.

Kituo hicho hakikuwa chini ya usimamizi wa wizara ya maveterani, lakini kilio kiliifikia. Mzee ambaye vidole vyake vya miguu viliganda kwa baridi ya Korea alipodai fidia aliombwa ushahidi, na ushahidi ulikuwa umegeuka majivu. Ikabidi atafutwe kupitia daftari za mishahara, barua alizowaandikia wazazi, na viapo vya wenzake waliokuwa bado hai. Wengine walifariki madai yao yakiwa mezani. Hapo ndipo mtu anapotambua kwamba karatasi ile, ambayo karani fulani aliijaza kwa haraka mwaka 1951, ilikuwa na thamani kuliko jengo lililoihifadhi.

Nafuu ilipatikana kutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1988 kituo kilikabidhiwa kanda za kompyuta zenye kumbukumbu zipatazo milioni 10 za askari waliolazwa katika vituo vya tiba wakati wa Vita Kuu ya Pili na miaka ya vita vya Korea. Kanda hizo ziliandaliwa na ofisi ya mganga mkuu wa jeshi la nchi kavu, zikasahaulika, hadi Chuo cha Taifa cha Sayansi kilipozigundua. Hazikuwa na majina, ila namba za utumishi tu, aina ya ugonjwa au jeraha, na tarehe na mahali pa kulazwa. Taarifa zilizotayarishwa kwa ajili ya hesabu za jumla zikaja kumtetea mgonjwa mmojammoja, miongo minne baadaye. Ilikuwa bahati, na mgonjwa hapaswi kuishi kwa bahati. Ila bahati hiyo inaonyesha kwa nini nakala ya pili, hata iliyo pungufu, haipaswi kudharauliwa.

Miaka michache baada ya moto ule, ndani ya hospitali za maveterani kulianza jambo ambalo wakubwa hawakuliagiza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari, wafamasia na waandishi wa programu waliokuwa hospitalini walianza kutengeneza programu ndogondogo kwa mahitaji ya siku kwa siku: orodha ya dawa, majibu ya maabara, miadi ya kliniki. Walitumia lugha ya kompyuta iitwayo MUMPS, iliyobuniwa katika hospitali kuu ya Massachusetts miaka ya 1960. Ofisi ya kompyuta ya makao makuu ilitaka kila kitu kipitie kwake na ikapambana nao kwa bidii. Baadhi yao walipoteza kazi. Nao wakajiita Hardhats, kwa maana ya wavaa kofia ngumu za ujenzi, na kupitishiana programu kutoka hospitali moja hadi nyingine kama majirani wanaoazimana sufuria. Mwaka 1982 mkuu wa taasisi hiyo, Robert Nimmo, aliwaidhinisha rasmi. Kazi yao ndiyo iliyokua na kuwa mfumo wa VistA, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa miongoni mwa mifumo bora ya kumbukumbu za wagonjwa duniani.

Ubora wake haukutokana na mashine, kwa maana sura yake ilikuwa ya kizamani hata kwa vigezo vya wakati ule. Ulitokana na ukweli kwamba aliyeingiza taarifa asubuhi ndiye aliyezihitaji jioni. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipoifurikisha New Orleans, wagonjwa wengi wa jiji hilo walifika ugenini bila karatasi yoyote mkononi. Maveterani walifika wakiwa vilevile mikono mitupu, ila baada ya siku chache madaktari wa hospitali nyingine za wizara waliweza kufungua kumbukumbu zao na kuona dawa walizokuwa wakitumia.

Mfano wa muuguzi Sue Kinnick, wa hospitali ya maveterani ya Topeka katika jimbo la Kansas, unafaa kukumbukwa na kila anayegawa dawa wodini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alimwona mhudumu wa kampuni ya magari ya kukodi akipokea gari lililorudishwa kwa kusoma msimbo pau, ile mistari myeusi inayobandikwa hata kwenye bidhaa za dukani. Akajiuliza kwa nini gari lilindwe namna hiyo na mgonjwa asilindwe. Wenzake wa Topeka wakamsaidia kulijaribu wazo hilo: muuguzi husoma msimbo ulio kwenye bangili ya mgonjwa, kisha ule wa dawa, na kompyuta humwonya iwapo mtu, dawa, dozi au saa havilingani. Mwaka 2000 ulipofika, utaratibu huo ulikuwa umeanza kuenea katika hospitali za wizara nchi nzima. Hakuna mkakati wa makao makuu uliomtuma Kinnick. Alichokuwa nacho ni jicho la mtu anayejua jinsi dozi inavyoweza kukosewa saa nane za usiku, na mfumo uliomruhusu wenzake wa chini kuugusa na kuurekebisha.

Upande wa upasuaji una somo zito zaidi. Mwaka 1985 Bunge la Marekani, likiwa na wasiwasi kuhusu vifo vya upasuaji katika hospitali hizi, lilitunga sheria ya kuitaka taasisi ilinganishe matokeo yake na wastani wa taifa kwa kuzingatia ukali wa ugonjwa. Wastani huo haukuwapo. Hakuna aliyekuwa ameukokotoa. Hospitali inayopokea wazee wenye kisukari, wavutaji sigara wa miaka arobaini na watu wenye figo zilizochoka haiwezi kupimwa kwa idadi tupu ya vifo mbele ya hospitali inayopokea vijana wenye ngiri. Daktari wa upasuaji wa moyo Shukri Khuri na wenzake walianza utafiti katika hospitali 44 mwaka 1991, wakatengeneza njia ya kukadiria vifo vinavyotarajiwa kulingana na hali ya wagonjwa, kisha wakavilinganisha na vifo vilivyotokea. Kuanzia 1994 mpango huo ukawa wa kudumu.

Jambo la kuangalia kwa makini ni nani aliyehesabu. Kila hospitali ilikuwa na muuguzi aliyefunzwa mahususi kwa kazi hiyo, aliyefuatilia wagonjwa kwa siku 30 baada ya upasuaji na kuandika alichokiona. Daktari aliyepasua hakujihesabia mwenyewe. Matokeo yalirejeshwa kwa madaktari wa hospitali husika, wakajiona walivyosimama mbele ya wenzao, na hospitali iliyosuasua ilitembelewa na wataalamu waliokuja kutazama na kushauri. Tangu 1991 hadi mwanzoni mwa karne hii vifo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji mkubwa vilipungua kwa asilimia 27, na madhara yanayofuata upasuaji kwa asilimia 45. Si haki kuupa mpango huo sifa zote, maana dawa za usingizi na mbinu za upasuaji nazo zilikuwa zikiboreka. Hata hivyo Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani hakingeuiga kwa ajili ya hospitali za kiraia kama kisingeona faida yake.

Muuguzi yeyote aliyewahi kujaza vitabu vya MTUHA mwishoni mwa mwezi, akapeleka ripoti wilayani na asisikie tena habari zake, ataielewa tofauti hii bila kuelezwa zaidi.

Wizara hiyohiyo ndiyo iliyozaa aibu ya Phoenix. Makao makuu yaliweka lengo kwamba mgonjwa apate miadi ndani ya siku 14. Lengo lenyewe lilikuwa la heri. Tatizo ni kwamba siku za kusubiri ziliingizwa katika tathmini ya mameneja, na tathmini hiyo iliamua nani apate bonasi na nyongeza ya mshahara. Karani wa miadi akajikuta ameshika kalamu inayoandika mshahara wa bosi wake.

Mbinu zilizotumika zilikuwa rahisi mno. Karani alitafuta nafasi iliyo wazi kwenye ratiba, akamuuliza mgonjwa kama siku hiyo inamfaa, kisha akarudi nyuma na kuiandika siku hiyohiyo kuwa ndiyo iliyotakiwa na mgonjwa tangu mwanzo. Kompyuta ikatoa jibu: siku za kusubiri, sifuri. Wagonjwa wengine hawakuingizwa kwenye orodha rasmi kabisa. Mei 2014 Mkaguzi Mkuu wa wizara alitoa ripoti ya awali. Katika sampuli ya maveterani 226, wastani wa kusubiri miadi ya kwanza ulikuwa siku 115, ilhali hospitali ilikuwa imeripoti siku 24. Watu wasiopungua 1,700 walikuwa wakisubiri bila kuwapo katika orodha rasmi ya kusubiri. Siku mbili baada ya ripoti hiyo, tarehe 30 Mei, Waziri Eric Shinseki alijiuzulu. Uchunguzi uliofuata haukuweza kuthibitisha kwamba ucheleweshaji ndio uliosababisha vifo vilivyotajwa katika tuhuma, na uadilifu unadai hilo nalo lisemwe. Lakini mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ni vigumu hata kuchunguzwa alipatwa na nini.

Takwimu za upasuaji na za miadi zilikusanywa na wizara moja, chini ya bendera moja, na hakuna aliyekosa kompyuta. Kwenye upasuaji, mwenye kuhesabu hakuwa na faida wala hasara katika jibu, na jibu lilimrudia anayeweza kurekebisha kazi yake. Kwenye miadi, mwenye kuhesabu alikuwa chini ya mwenye kunufaika, na jibu lilipanda juu tu. Wapo watakaosema kwamba bila lengo na bila zawadi mameneja watalala. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Hospitali isiyopimwa huwasahau wagonjwa wake polepole na kwa ukimya. Lakini kinachodaiwa hapa hakigusi kupima, kinagusa mkono unaopima. Kama muuguzi wa kujitegemea angewapigia simu wagonjwa wachache wa Phoenix kila mwezi na kuwauliza walianza lini kuomba miadi, uongo ule usingedumu.

Kuna upande mwingine ambao wakuu wa taarifa hupenda kuugusa kwa ncha za vidole: usiri. Mei 3, 2006 wezi waliingia katika nyumba ya mchambuzi wa wizara katika jimbo la Maryland, wakaondoka na kompyuta ya mkononi na kihifadhi cha nje. Ndani mlikuwamo majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao milioni 26.5. Waziri aliambiwa siku 13 baadaye. Wananchi walitangaziwa tarehe 22. Vifaa vilipatikana mwishoni mwa Juni, na wapelelezi wa FBI wakasema hakukuwa na dalili kwamba taarifa zilifunguliwa. Mwaka 2009 wizara ilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi. Fedha hizo zilikuwa kubwa, ila aliyetakiwa kulala macho wiki kadhaa akihofia jina lake litakopewa benki ni mzee aliyetoa siri zake kwa sababu aliambiwa hawezi kutibiwa bila kuzitoa. Hazina isiyo na mlinzi humtia hofu aliyeiweka kabla ya kumtia hofu aliyeikabidhiwa.

Kinyume cha tukio hilo ni mpango wa utafiti wa chembe za urithi ulioanzishwa mwaka 2011. Askari wa zamani huombwa kwa hiari yao watoe damu, wajibu maswali na waruhusu kumbukumbu zao za tiba zitumike. Novemba 2023 waliojitolea walifika milioni moja. Katika utafiti mkubwa wa mpango huo uliochapishwa mwaka 2024 walikuwamo zaidi ya watu 100,000 wenye asili ya Afrika, kundi ambalo tafiti nyingi za urithi zimelipita pembeni, na matokeo yake yanawahusu hata wasomaji walio mbali na Marekani. Watu hao hawakukusanywa na sheria. Waliulizwa, wakakubali. Tangu 2010 wizara pia imemwezesha mgonjwa kupakua kumbukumbu zake mwenyewe, na mwaka 2013 ikamruhusu kusoma hata maelezo anayoandika daktari baada ya kumwona. Mgonjwa anayesoma faili lake ni mkaguzi asiyelipwa mshahara. Anajua kama mzio wake wa penisilini umeandikwa au umesahauliwa.

Sasa VistA imezeeka, na wizara imeamua kuuacha. Mei 2018 ilisaini mkataba wa miaka 10 na kampuni ya Cerner, wenye thamani ya dola bilioni 10, na mfumo mpya ukawashwa kwanza katika hospitali ya Spokane, jimbo la Washington, Oktoba 2020. Sababu ya kuhama ilikuwa ya maana: jeshi na wizara zilitaka mfumo mmoja, ili askari asianze upya anapovua sare. Lakini safari hii mfumo ulishuka kutoka juu, na watu wa wodini waliukuta umeshaamuliwa.

Julai 2022 Mkaguzi Mkuu alieleza kilichotokea Spokane. Daktari alipoandika agizo, kwa mfano rufaa au kipimo cha ufuatiliaji, na mfumo ukashindwa kutambua agizo hilo liende idara gani, uliliweka katika foleni isiyojulikana. Daktari hakuonywa. Kwenye skrini yake agizo lilionekana limekwenda. Zaidi ya maagizo 11,000 yaliangukia humo, na mapitio ya wizara yenyewe yalibaini wagonjwa 149 waliopata madhara. Mmoja wao, aliyekuwa katika hatari ya kujidhuru, hakupangiwa miadi ya kliniki ya afya ya akili ambayo daktari wake aliamini ameshaiagiza. Aprili 2023 wizara ilisimamisha uunganishaji wa hospitali nyingine, wakati mfumo ukiwa umeshafika katika hospitali tano.

Gharama ya mkataba imejadiliwa sana bungeni, na itaendelea kujadiliwa. Wauguzi na wagonjwa wa hospitali zitakazofuata wana haki ya kupewa jibu la jambo dogo kuliko hilo, kwa maandishi, kabla mfumo haujawashwa kwao: agizo lisipofika linakokwenda, taarifa humrudia nani, na baada ya saa ngapi.